Bili ya dola 110 kwa kwenda kucheki afya: askari wa zamani auliza afanyeje

SWALI

Asalaam aleikum, na poleni na kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 49, naishi Texas na mke na watoto watatu. Niliingia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka 2010 kupitia MAVNI, ule mpango uliochukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Nilikuwa fundi wa magari ya deraya. Nilikaa Afghanistan miezi tisa, kwenye kambi ambayo taka zote zilichomwa shimoni usiku na mchana, nikatoka jeshini 2014 kwa heshima zote. Sasa nafanya kazi ghalani. Kazini nina bima, lakini ni ile ya kujilipia mwenyewe dola 4,000 kwanza ndipo ianze kulipa.

Mwaka juzi nilijiandikisha VA, idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani, nikawekwa Kundi la 6. Asilimia za ulemavu, zile VA inazompa mtu kwa maradhi au majeraha ya jeshini, sina, sikuwahi kuomba kwa sababu sikupigwa risasi. Februari nilikwenda kucheki afya. Nikamtajia daktari na goti linalonisumbua, akanipeleka kwa mtaalamu wa mifupa, na akaniandikia dawa tatu za siku 90: mbili za presha na moja ya kolestro. Bili zikaja: dola 15, dola 50 na dola 45. Jumla 110, na bado sijazilipa. Nilidhani kinga ni bure kwa tuliotumikia. Jirani yangu, mstaafu wa jeshi, anasema yeye hatozwi hata senti.

Mke wangu ananisukuma nikapime utumbo na mapafu, maana nilivuta pakiti moja kwa siku tangu nikiwa na miaka 22 hadi 42. Naogopa bili nyingine. Dawa nazo nazikata nusu ili zifike mbali. Kuna njia ya kujikinga bila kufilisika? Mengine ni madogo: mafua yasiyokwisha na sikio linalolia ngiii usiku, hayo nimeshayazoea.

Baba Zuhura, Texas

JIBU

Waaleikum salaam, Baba Zuhura.

Kwanza dawa. Acha kukata nusu leo hii. Dawa zako tatu zinakugharimu dola 15 kwa mwezi, kwa hiyo ukizikata unaokoa dola saba na nusu. Kwa kiasi hicho unaiacha presha ipande taratibu bila dalili yoyote, na siku daktari atakapokuta namba mbaya ataongeza dawa ya nne akidhani zile tatu zimeshindwa, kumbe hujazinywa. Kama umeshakata kwa wiki kadhaa, piga simu kwa muuguzi wa timu yako umwambie ukweli kabla hujarudi kwenye dozi kamili. Umwombe pia daktari akuandikie mashine ya kupimia presha nyumbani. Kifaa hicho hutolewa bila kopei, yaani ile sehemu ya gharama unayotozwa mwenyewe.

Sasa tuzisome hizo bili, kwa sababu kila dola ndani yake ina kanuni yake. Dola 15 ni kopei ya kuonana na daktari wa kawaida, na 50 ni ya mtaalamu. Dola 45 ni dawa tatu za daraja la kwanza, yaani dola 5 kwa kila dawa kwa kila siku 30. Daraja la pili ni dola 8, la tatu 11, na ukifikisha dola 700 za dawa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda hutozwi tena hadi Januari. Viwango hivi ndivyo vilivyotumika mwaka 2025.

Ulichodhani kuhusu kinga si uongo, ila kina sharti ambalo wengi hawaambiwi. Kanuni za VA zinasamehe kopei kwa miadi ambayo ni ya uchunguzi wa kinga na chanjo *peke yake*. Neno hilo la mwisho ndilo lililokuumiza. Kupimwa presha, kuchanjwa mafua, kupimwa kolestro, kupimwa homa ya ini aina ya C, kupimwa choo kutafuta damu: hivyo havina malipo. Ukikaa mbele ya daktari na kuanza habari ya goti, miadi imegeuka kuwa matibabu, na dola 15 zimeingia. Hakukuwa na kosa kwenye bili yako.

Kwa hiyo anza kutenganisha. Chanjo na kupima presha, omba miadi ya muuguzi. Vipimo vya maabara havina kopei hata daktari akikutuma kwa ugonjwa, na hali ni hiyo hiyo kwa eksirei za kawaida na kipimo cha umeme wa moyo. Picha za CT na MRI ni habari nyingine, hizo huhesabiwa kama mtaalamu, dola 50. Mazungumzo na daktari kuhusu goti, matokeo ya damu au kubadilisha dawa, omba yafanyike kwa video ukiwa nyumbani. Miadi ya video ya nyumbani haina kopei kabisa, na hii ndiyo njia ambayo watu wengi wanaiacha mezani kwa kudhani ni ya wazee wa vijijini. Ikibidi uende mwenyewe, bana miadi siku moja. Ukionana na daktari wako na mtaalamu siku ile ile hutozwi 15 na 50, hutozwa ile kubwa tu. Programu za kupunguza uzito na kuacha sigara hazina kopei, na ziara tatu za kwanza za afya ya akili kila mwaka ni bure hadi 29 Desemba 2027.

Jirani yako huenda hakudanganyi, lakini Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa. Sisi humwita "mstaafu" kila aliyevaa gwanda akalivua. Kwa Wamarekani, mstaafu wa jeshi kwa kawaida ni aliyetumikia miaka 20 au zaidi, anayepokea pensheni na bima ya TRICARE. Wewe ni askari wa zamani, haki zako ziko VA, na VA hupanga watu kwa makundi manane. Aliyepewa ulemavu wa asilimia 50 au zaidi yuko Kundi la 1, halipii miadi wala dawa. Jirani akiwa mmojawapo wa hao wawili, ushauri wake haukuhusu.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye sentensi yako ya mwisho, uliyoiita mambo madogo.

Sikio linalolia na mafua yasiyokwisha ndiyo yanayoweza kuzifuta dola zako 15 na 50 moja kwa moja. Askari wa zamani mwenye ulemavu wa kuanzia asilimia 10 hatozwi kopei ya miadi yoyote ya VA, ya daktari wa kawaida wala ya mtaalamu, hata kwa ugonjwa usiohusiana na jeshi. Si lazima uwe umepigwa risasi. Sikio kulia hupewa asilimia 10 kwa jedwali la VA, na kwa fundi wa magari ya deraya kelele za kazini hazihitaji hadithi ndefu, kwa sababu kuna orodha rasmi ya kazi za kijeshi na kiwango cha kelele za kila kazi. Mafua sugu na uvimbe sugu wa matundu ya uso yamo kwenye sheria ya PACT ya Agosti 2022 kama magonjwa yanayochukuliwa moja kwa moja kuwa yametokana na moshi wa mashimo ya taka kwa waliokuwa Afghanistan tangu 11 Septemba 2001. Huthibitishi kwamba moshi ndio uliokuletea. Unathibitisha mambo mawili tu: ulikuwa kule, na daktari ameandika kwamba ugonjwa unao. Hilo la pili ndilo linalokwamisha wengi. Mtu anajitibu miaka kumi kwa dawa za dukani, faili lake halina hata mstari mmoja.

Tofautisha vitu viwili hapa. Mafua sugu peke yake, kama pua haijaziba vya kutosha, yanaweza kukubaliwa kwa asilimia sifuri, na sifuri haifuti kopei ya goti lako. Uvimbe wa matundu ya uso hupata asilimia 10 ukikushika mara tatu hadi sita kwa mwaka ukiwa na maumivu ya kichwa na usaha au magamba puani. Zaidi ya mara sita ni asilimia 30. Basi nunua daftari la shule, uandike tarehe, siku ngapi, kichwa kiliuma wapi, makamasi rangi gani, dawa uliyopewa.

Hatua zenyewe ziende hivi. Kabla ya kukusanya karatasi yoyote, wasilisha kusudio la kudai, fomu 21-0966, mtandaoni au kwa simu. Inakuwekea tarehe yako na kukupa mwaka mzima wa kujiandaa. Dai likikubaliwa, malipo huhesabiwa tangu tarehe ile, na kopei ulizolipa baada yake ambazo hukupaswa kutozwa hurudishwa. Bili za Februari hazitaingia humo, zimeshatangulia. Halafu tafuta DD-214 yako, ile hati ya kutoka jeshini, na rekodi za matibabu ya jeshini, uziambatanishe na fomu ya dai lenyewe, 21-526EZ. Usijaze peke yako. Nenda kwa ofisa wa askari wa zamani wa kaunti yako, Texas wapo, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa wa vyama vya askari wa zamani kama DAV, VFW au American Legion. Hawa hawatozi chochote. Atakayekuambia umlipe au umkatie sehemu ya fidia kwa kukujazia dai la kwanza, muage kwa adabu, sheria haimruhusu.

Utaitwa kupimwa na mtahini. Kipimo hicho hakina kopei, na usipotokea dai linaweza kuanguka. Hapa kuna mtego wa watu wetu. Mtahini atakuuliza hujambo, nawe kwa malezi ya Tanga utajibu sijambo, mzima, alhamdulillahi. Ataandika: hana malalamiko. Salamu mjibu kwa kifupi, kisha eleza siku yako mbaya kama ilivyo: sikio linakuamsha saa ngapi, unawasha feni ili ulifunike, mkeo anakuita mara ngapi ndipo usikie. Usiongeze, lakini usipunguze pia.

Asilimia 10 kwa mwaka 2025 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, bila kodi. Inatosha dawa zako zote na chenji inabaki. Dawa za ugonjwa uliokubaliwa zitakuwa bure, ila zile za presha na kolestro zitaendelea kutozwa hadi ufike asilimia 50.

Wakati dai linasubiri, mwambie daktari wako kwamba uko Kundi la 6 na umekaa penye mashimo ya moshi. Matibabu yanayoweza kuwa yametokana na vita au moshi hayatozwi kwa kundi lako, lakini lazima yeye aandike hivyo. Mfumo haujui wenyewe. Omba pia uchunguzi wa sumu, ule wa maswali ya dakika tano hadi kumi. Unatakiwa kuupata angalau kila miaka mitano, na ni bure.

Sasa utumbo na mapafu. Kwa hayo usiidharau bima ya kazini. Sheria ya afya ya 2010, ile ya Obama, inailazimisha karibu kila bima ya binafsi kulipia huduma za kinga zilizopendekezwa kwa dola sifuri, hata kama hujagusa zile 4,000 zako. Zilizosalia nje ni chache kongwe zilizokuwapo kabla ya Machi 2010. Cha ajabu, sheria hiyo haikuigusa VA. Ndiyo maana karani wa benki hupata dawa ya kolestro ya kinga bure na askari wa zamani anatozwa dola 5. Seneta Tammy Duckworth, aliyepoteza miguu Iraq mwaka 2004, ni mmoja wa waliopeleka miswada ya kuliziba pengo hilo. Ule wa dawa za uzazi wa mpango ulipita Baraza la Wawakilishi Juni 2021 ukaishia hapo. Usisubiri Bunge.

Utumbo unapimwa kuanzia miaka 45, kwa hiyo umechelewa minne. Anza na VA: omba kifurushi cha kupima choo nyumbani. Unachovya kijiti, unafunga kwenye kichupa, unaandika tarehe, unatuma kwa posta. Makosa mawili hukirudisha: kusahau kuandika tarehe, na kukiacha kichupa kwenye gari siku kadhaa kwenye joto la Texas. Hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu, kolonoskopi, ile kamera ya kuchungulia utumbo, si ya hiari tena, na hiyo kaifanyie kwa bima ya kazini. Inalipiwa kama sehemu ya uchunguzi ule ule, kinyama kikikutwa na kukatwa humo humo pia. Hakikisha daktari na kituo wote wamo kwenye orodha ya watoa huduma wa bima yako, na ulizia mpiga usingizi pia, asije akawa wa nje.

Mapafu: pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 ndiyo hesabu inayotakiwa, na umeacha miaka saba iliyopita, chini ya ukomo wa 15. Kilichobaki ni umri. Ukitimiza 50 unastahili CT ya mionzi midogo kila mwaka, na bima ya kazini inailipia sifuri. Neno la kumwambia karani unapopanga miadi ni "uchunguzi wa kinga". Lakini ukianza kukohoa damu au kupungua uzito, usifiche ili upate bure. Hicho ni kipimo cha ugonjwa, nenda VA haraka, bili tutaipigania baadaye.

Omba pia VA wakupime damu kutafuta homa ya ini aina ya B, ambayo kwa sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki haifai kuachwa. Kipimo ni cha maabara, chanjo nayo ni bure. Tezi dume ianze kuzungumzwa sasa. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume weusi waanze mazungumzo hayo na daktari wakiwa na miaka 45. Kipimo chake ni cha damu.

Turudi kwenye dawa kidogo. Daktari wa bima ya kazini akikuandikia ya kolestro kama kinga, kwa dozi ndogo au ya kati, inaweza kutoka sifuri. Za presha haziingii kwenye orodha hiyo, ila maduka makubwa kadhaa huuza dawa nyingi za kawaida dola 10 kwa siku 90, wakati VA ni 15. Cheti cha daktari wa VA hujazwa VA, kwa hiyo utahitaji cha daktari wa nje, na uwaarifu VA unachokunywa ili dawa zisigongane. Kwa tofauti ya dola tano kila miezi mitatu, pengine usihangaike.

Mpe karani wa VA kadi ya bima ya kazini. Watu huificha wakidhani watatozwa zaidi. VA huitoza bima kwa magonjwa yasiyo ya jeshini, na kinacholipwa kinaweza kupunguza kopei yako. Bima isipolipa, deni lake halikuangukii, unabaki na kopei yako tu.

Zile 110 usizitie droo. Baada ya siku 120 deni linaweza kupelekwa Hazina, na Hazina hukata kwenye marejesho yako ya kodi. Piga simu 866-400-1238 uombe kulipa kwa awamu. Kipato kikishuka mwaka huu, kazi ikipungua saa au ukiachishwa, jaza fomu 10-10HS kuomba msamaha wa kopei, na 10-10EZR kurekebisha taarifa za kipato ili kundi lako lipimwe upya.

Mama Zuhura na watoto hawaingii VA kwa kujiandikisha kwako. Mpango wa afya wa CHAMPVA ni wa familia za wenye ulemavu wa asilimia 100 wa kudumu, waliofariki kutokana na ugonjwa wa jeshini, na wachache wa namna hiyo. Lakini ile dola sifuri ya bima ya kazini ni ya kwao pia kama umewaandikisha. Mwambie mama naye apange miadi yake ya kinga, na akienda asianze habari ya mgongo.